Nyuki wapweke uani: tunaanzaje kuwafuatilia tukiwa wawili?

mwanga_uluguru (Morogoro) anauliza:

Salaam wakuu. Mimi na jirani yangu, mzee mmoja mpenzi wa ndege, tunataka kuwageukia wadudu. Tunalenga nyuki wapweke, wale ambao kila jike ana tundu lake, analijaza chakula na kutaga mwenyewe, bila malkia wala vibarua. Mizinga na asali hatuhitaji.

Uani tuna mbaazi zilizoanza kuchanua, matuta mawili ya nyanya, waridi, bogonvilia, na kipande cha ardhi tupu kinachofagiwa kila asubuhi. Ua wenyewe ni wa mianzi. Dalili tayari zipo: baadhi ya mianzi imezibwa mdomoni, mingine kwa udongo, mingine kwa majani. Waridi lina majani yaliyokatwa nusu duara, safi kabisa. Na kwenye kenchi za kibaraza kuna nyuki weusi wakubwa wanatoboa mbao, unga unadondokea viti.

Tunaomba kujua hao ni akina nani. Tukitaka kuwatengenezea sehemu ya kuzalia ambayo tunaweza kuifungua na kutazama ndani, inajengwaje? Na watu wawili wagawane vipi kazi ili tunachoandika kiwe na maana baadaye?

Keremkerem:

Mkuu, mwenye mbaazi na ardhi tupu ameshapata nusu ya kazi. Wengi huanza kwa kujenga sanduku huku uani hakuna ua hata moja la kumlisha nyuki.

Anza na waridi. Ukingo uliokatwa kwa mviringo safi ni kazi ya nyuki mkata-majani, jenasi (kundi la spishi za karibu) Megachile. Kiwavi hula ovyo na kuacha kinyesi juu ya jani la chini yake. Panzi huacha ukingo uliochanika. Sasa tazama maumbo ya mikato. Ile mirefu kidogo, umbo la yai, ni ya kuta za chumba. Ile ya duara kamili ni ya kuzibia. Siku utakapoona mikato ya duara imeongezeka, ujue karibu hapo kuna chumba kinafungwa, nenda kachungulie mianzi. Huyu habebi chavua miguuni kama nyuki wa asali. Anaibeba kwenye brashi ya nywele chini ya tumbo, ndiyo maana akitua kwenye ua la mbaazi anainua tumbo na unaona njano kwa chini.

Wa pili ni Amegilla: mnene, ana manyoya kifuani, tumbo lina mistari ya buluu au nyeupe. Anaelea mbele ya ua kwa muda mfupi, ulimi mrefu ameshaunyoosha, kisha anahama ghafla. Kivumbasi na mrehani zinamvuta sana. Anachimba ardhini au kwenye kuta za udongo. Ukimpata huyo, mtafute na mdokozi wake, Thyreus, mweusi mwenye madoa ya buluu kali au nyeupe. Thyreus hana brashi ya chavua kwa sababu hajengi wala hakusanyi: anaingia kwenye kiota cha Amegilla, anataga, na buu wake anakula akiba ya mwenye nyumba. Ukimwona anapaapaa chini chini juu ya ardhi tupu, viota vya Amegilla viko papo hapo.

Wadogo wa milimita 4 hadi 8, karibu hawana manyoya, weusi au wa kijani cha kung'aa na alama za njano usoni, ni Ceratina. Wanazalia ndani ya vijiti vikavu vyenye kiini laini, kwa mfano lantana au marejea. Hawatoboi kijiti kizima kutoka ubavuni. Wanahitaji ncha iliyovunjika. Kwa hiyo mkipogoa, acheni visiki vya sentimita 30 vimesimama, msivikate hadi chini. Kwenye kishona nguo mtaona wengine wadogo wenye chavua miguu ya nyuma. Hao wengi ni jamii ya Halictidae na wanachimba ardhini.

Kuhusu mianzi iliyozibwa, kizibo ndicho kinachomtaja mwenyewe. Majani ni mkata-majani. Ulimbo wa miti, wakati mwingine uliochanganywa na vijiwe, ni nyuki wa ulimbo, nao wako ndani ya Megachile na Heriades. Utando mwembamba unaong'aa ni Hylaeus, mdogo mweusi mwenye uso wa njano au mweupe. Manyasi yanayochomoza nje ni nyigu Isodontia, anayejaza senene na nyenje. Udongo ndio unaowapoteza wengi, kwa sababu mara nyingi si nyuki bali ni nyigu mwindaji. Kaeni mtazame anachoingiza: kiwavi aliyepoozwa au buibui ni nyigu, chavua ni nyuki. Msiwang'oe hao nyigu. Viwavi wanaobebwa ni walewale wanaokula mimea yenu.

Tundu lenye kijibomba cha nta mdomoni na nyuki wengi wadogo wakipishana hapohapo si la wapweke, ni nyuki wadogo wasiouma. Wanaishi kwa kundi na wana asali.

Kwenye utambuzi, mkifika jenasi mmefanya vizuri. Spishi nyingi za Afrika zinahitaji mdudu mwenyewe chini ya hadubini. Pigeni picha tatu kila mara: uso, mgongo, na ubavu unaoonyesha mguu wa nyuma na chini ya tumbo. Picha ya mgongo peke yake, hata iwe kali namna gani, haimsaidii mtu kuwaambia ni nani.

fundi_mbao_Kihonda:

Nijibu la ujenzi. Tengenezeni vitu viwili: fungu la mianzi kwa ajili ya nyuki wenyewe, na ubao wa mifereji kwa ajili ya macho yenu.

Mianzi iwe mikavu kabisa, kipenyo cha ndani milimita 4 hadi 10, urefu sentimita 15. Kateni nyuma tu ya kifundo, ili kifundo ndicho kifunge upande wa nyuma. Mwanzi ulio wazi pande zote mbili unapitisha upepo na nyuki anauacha. Tumieni msumeno wa meno madogo. Panga linapasua, na vibanzi vya mdomoni vinachana mbawa. Malizieni kwa msasa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa.

Urefu una sababu yake. Jike anachagua jinsia ya kila yai: lililorutubishwa linakuwa jike, lisilorutubishwa linakuwa dume. Majike anawaweka ndani kabisa, madume karibu na mdomo. Tundu la sentimita 5 litawapa madume karibu watupu, na baada ya vizazi vichache hamna wa kutaga.

Mkipenda gogo la kutoboa kwa drili, toboeni ubavuni na si kwenye kichwa cha mti, maana kichwani mbao inapasuka ikikauka na ufa ni mlango wa sisimizi. Matundu ya milimita 4, 6, 8 na 10, yaachane milimita 20, yasitokee upande wa pili. Drili iende polepole, itolewe mara kwa mara kumwaga unga. Mbao isiwe imepakwa dawa ya mchwa, na ndani ya tundu kusipakwe vanishi.

Ubao wa kutazamia: upana sentimita 19, urefu sentimita 15, unene milimita 20. Chongeni mifereji sita inayopita kutoka mbele hadi nyuma. Miwili iwe na upana na kina cha milimita 6, mitatu milimita 8, mmoja milimita 10, na kati ya mmoja na mwingine pabaki milimita 20. Karakana yenye msumeno wa meza inafanya hiyo kazi haraka. Bila mashine ni patasi na subira. Nyuma pigeni papi kufunga mifereji yote. Juu wekeni akriliki safi (plastiki angavu kama kioo) ya milimita 3, ifungwe kwa skrubu na si gundi, kwa sababu mtahitaji kuifungua kusafisha. Akriliki ikae chapa: nafasi inayopitisha kucha inapitisha pia vinyigu vya kudokoa. Juu ya akriliki weka kifuniko cha plaiwudi chenye bawaba, kwa sababu nyuki hajengi kwenye mwanga.

Mkifungua kifuniko, iwe kivulini na kwa dakika mbili tatu tu. Jua likipiga akriliki moja kwa moja, mabuu yanaiva humo. Na msije mkafikiria mirija ya plastiki ya soda kwa kuwa ni rahisi. Plastiki haipumui, jasho la chavua linabaki ndani, ukungu unamaliza vyumba vyote. Kwenye ubao huu pande tatu ni mbao, zinanyonya unyevu.

Kuweka: mdomo utazame mashariki upate jua la asubuhi, urefu wa meta 1.2 hivi ili mtazame mkiwa mmekaa, paa lijitokeze mbele sentimita 10. Ikazwe isiyumbe kabisa. Jike akitoka mara ya kwanza anageuka kulitazama tundu lake, anaelea huku na huku akikariri alama za pale. Sanduku likining'inia kwa kamba au likisogezwa hata nusu meta, anarudi na chavua yake na hapaoni nyumbani.

Jambo la usalama: msiache uwazi mkubwa ndani au nyuma ya sanduku. Kundi la nyuki wa asali linalotafuta makazi linaweza kuingia, na wa kwetu mnajua ukali wao. Jazeni kila nafasi kwa mianzi au mbao.

mwanga_uluguru:

Shukrani sana wakuu. Ukuta tunaofikiria kutumia una njia ya sisimizi inayopita juu chini muda wote. Je, tubadilishe mahali? Na tulikuwa na wazo la sanduku moja kubwa la meta nzima ili tupate aina nyingi kwa pamoja.

Kivumbasi_Tanga:

Meta nzima hapana, ndugu yangu. Hapo natofautiana na mapicha mazuri yanayosambaa mitandaoni. Matundu mia mahali pamoja ni karamu kwa wadokozi, wakishapaona hawaondoki. Tengenezeni mafungu ya mianzi 12 hadi 20, matatu au manne, yaachane meta kadhaa, na ubao wa kutazamia uwe mmoja tu.

Wadokozi wenyewe wanafaa kutazamwa, msiwaue. Nyuki mwenye tumbo lililochongoka nyuma, anayekaa kimya karibu na tundu akingoja mwenyewe atoke, ni Coelioxys, anayetaga kwa mkata-majani. Nyigu wa kijani au buluu ya kung'aa anayejikunja kama mpira akiguswa ni jamii ya Chrysididae. Yule mwembamba mwenye tumbo refu lililoinuka, anayeelea taratibu mbele ya mdomo mmoja baada ya mwingine, ni Gasteruption. Kuna na nzi wenye manyoya wanaoelea mbele ya tundu na kurusha mayai kwa kutikisa nyuma ya tumbo. Wachache wao ni dalili kwamba nyuki wapo wa kutosha. Wakiwa wengi kuliko nyuki wanaoingia, tenganisheni mafungu zaidi.

Sisimizi ni habari nyingine, hao wanabeba chavua, mayai na mabuu kwa usiku mmoja. Ukuta huo uacheni. Simamisheni nguzo ya chuma. Katikati yake fungeni kopo lililogeuzwa mdomo chini, na grisi pakeni ndani ya kopo, upana wa sentimita 5. Ikipakwa nje, mvua na vumbi vinaifunika, na nyuki wanaganda. Mkitumia makopo ya oili chafu miguuni, yafunikeni juu, la sivyo mtazamisha wadudu wengi wasio na hatia. Kila wiki kagueni kama kuna jani la nyasi au uzi wa buibui uliogusa nguzo; daraja moja linatosha. Kwa sisi wa pwani kuna majimoto pia, wale wa kwenye miembe na michungwa. Hao wanashuka kwa matawi, kwa hiyo acheni nusu meta kati ya sanduku na tawi lolote. Siafu wakipita, hamna grisi itakayosaidia: ng'oeni mianzi usiku huohuo, muiweke ndani, murudishe palepale kabla ya jua kuchomoza.

Mashariki ni sawa kwa Morogoro. Huku Tanga masika huja na kusi, mvua inapiga kwa ubavu, sentimita 10 za paa hazitoshi. Ukuta wa nyuma wa kukinga au kibaraza ndiyo dawa. Mianzi iinamishwe kidogo sana mbele ili maji yasitulie ndani.

Kila mwanzi ukizibwa, andikeni tarehe ubavuni kwa penseli. Kwenye joto letu yai huanguliwa baada ya siku chache na buu humaliza chakula katika wiki chache, lakini wengine hutulia ndani kipindi chote cha ukavu na kutoka mvua zikianza. Msipasue mwanzi kwa haraka kwa sababu tu umekaa miezi. Ukishatobolewa na kuwa mtupu, utupeni, wekeni mpya. Mwanzi wa zamani unajaa utitiri wa chavua na ukungu, na jike mpya akiingia anaukuta humo. Ubao wa mifereji ufunguliwe, upigwe brashi, uanikwe juani.

Sasa ardhi tupu, ambayo kwangu ina thamani kuliko masanduku yote, kwa sababu nyuki wapweke wengi wanachimba. Kufagia si tatizo, uani kwetu pamefagiwa miaka yote na nyuki wapo. Tatizo ni maji ya vyombo yenye sabuni, vitofali vya kupanga, na saruji. Fagieni mapema kabla ya saa mbili asubuhi, kwa ufagio mwepesi, na eneo la meta moja kwa moja mliache bila kuguswa. Tundu la nyuki ni duara la milimita 4 hadi 8, lina rundo dogo la udongo mpya pembeni, na mwenyewe huingia peke yake. Tundu lenye msururu wa kuingia na kutoka ni la sisimizi; lenye uzi mdomoni ni la buibui. Msiondoe jiwe wala kijiti kilicho karibu na tundu, hizo ndizo alama zake za njia. Kivuli chako kisipite juu ya tundu. Kaa meta moja na nusu, upande wa kinyume na jua.

Kwa Amegilla jazeni boksi la mbao la sentimita 30 kwa 20, kina 15, kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Ukiwa nusu umekauka, toboeni vishimo vya milimita 8, kina sentimita 3, kwa kijiti, yeye atamalizia. Kipimo ni kucha: ukikwaruza udongo ukatoka unga, unafaa. Usipotoka, ongezeni mchanga. Saruji isitiwe hata kijiko. Liwekeni chini ya upenu, likilala kwa ubavu, uso wa udongo ukitazama jua la asubuhi.

mbaazi_na_kunde:

Niongeze la nyanya, maana mmezitaja halafu zikapitwa. Ua la nyanya halimwagi chavua ovyo. Imo ndani ya koni ya mirija iliyoshikamana, na hutokea kwenye ncha. Amegilla na wale weusi wakubwa wa kenchi wanaikumbatia ile koni ya njano, wanaiuma, wanatetemesha misuli ya kifua huku mbawa zimetulia, na chavua inapuliziwa tumboni. Mlio wake ni mwembamba kuliko mlio wa kuruka, mkiuzoea mtawajua hata mkiwa mmeinama tuta la pili. Nyuki wa asali hawezi.

Ushahidi unabaki uani hata kama hamkuwepo. Alama za kuumwa hugeuka kahawia kwenye koni. Kagueni maua 50 yaliyofunguka, hesabuni yenye alama ya kahawia, rudieni kila wiki. Biringanya na ngogwe nazo hutoa chavua kwa vitundu vya kwenye ncha. Nyanya inajichavusha yenyewe hata kwa upepo, kwa hiyo msitafsiri kila tunda kuwa ni kazi ya nyuki. Lakini mtikisiko unasaidia tunda kujaa mbegu.

Na dawa: mkinyunyizia kiuatilifu kwenye nyanya, sanduku lote ni bure. Kupiga jioni baada ya jua kuzama kunapunguza madhara kwenye maua, ila mkata-majani anachukua jani lenyewe lenye dawa na kulifanya ukuta wa mtoto. Viwavi okoteni kwa mkono, kwa matuta mawili inawezekana. Kando ya mbaazi pandeni marejea na kivumbasi, na kishona nguo msikimalize chote.

Keremkerem:

Nirudi kwenye swali la watu wawili, kwa sababu hapo ndipo mna faida kubwa. Mtu mmoja hawezi kutazama tundu na ua kwa wakati mmoja.

Kabla ya yote, fanyeni jaribio. Kaeni wote mbele ya tundu moja dakika 10, kila mmoja aandike kivyake bila kusemezana, kisha mlinganishe. Zikitofautiana sana, kubalianeni nini kinahesabiwa: nyuki aliyechungulia akaondoka ni ziara au si ziara? Andikeni jibu ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kila mwanzi na kila mfereji uwe na namba. Zamu ya dakika 20: mmoja tunduni, mwingine kwenye mbaazi, halafu mnabadilishana, ili macho ya mmoja yasiharibu hesabu za upande mmoja. Saa zenu zilingane hadi dakika, na muda uandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mmoja akiandika saa nne na mwingine 10:00, baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka nani alimaanisha nini.

Wa tunduni anaandika: namba, muda wa kuingia, muda wa kutoka, mzigo. Mzigo unajulikana kwa namna ya kuingia. Mkata-majani mwenye jani analikunja chini ya tumbo, anaingia kichwa mbele. Mwenye chavua anaingia kichwa kwanza, anatema nekta (maji matamu ya ua), anarudi nyuma hadi nje, anageuka, kisha anaingia kinyumenyume ili apanguse chavua ya tumboni. Kwenye tundu pana anageukia ndani, hamtaona. Hiyo ndiyo faida ya mfereji wa milimita 6 na akriliki juu. Daftari litasomeka hivi: A4, 10:12 jani, 10:13 nje, 10:19 jani, 10:20 nje, 10:41 chavua, kinyumenyume. Muda kati ya kutoka na kurudi ndio urefu wa safari. Safari za majani zikiwa fupi na za chavua zikirefuka siku hadi siku, chakula cha karibu kinaisha, na wa kwenye mbaazi atakuwa anaona maua yakipungua wakati huohuo. Hapo madaftari mawili yanazungumza.

Wa kwenye maua anachagua tawi moja, anahesabu maua yaliyofunguka kwanza, kisha anahesabu maua yaliyotembelewa na aina ya mgeni. Sifuri iandikwe. Zamu isiyo na nyuki nayo ni taarifa, pamoja na mawingu, upepo na kama ilinyesha.

Mkitaka kumjua nyuki mmoja mmoja, tieni alama. Mwanya ni asubuhi anapotoka tunduni: mpokeeni kwa kichupa angavu, mfunikeni kwa wavu laini akiwa ametulia, mguseni doa moja la rangi ya maji mgongoni kifuani kwa ncha ya kijiti cha meno. Doa likigusa vichipukio vya mbawa haruki tena. Ingekuwa vizuri mwenye mkono mtulivu apake, mwingine ashike wavu. Wadogo chini ya milimita 8 msiwapake kabisa.

Ratiba: wale weusi wakubwa huanza mapema jua linapochomoza, wakata-majani hupendelea joto, kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana. Jioni baada ya saa kumi na mbili zungukeni na tochi hafifu kwenye vijiti vikavu: madume ya Amegilla hulala nje, yameng'ata kijiti kwa taya, miguu imekunjwa, mara nyingi kadhaa kwenye kijiti kimoja. Fungeni uzi wa rangi pale, mrudi kesho yake. Wakirudi kijiti kilekile, mmepata mahali pa kuwahesabu bila kuwasumbua.

mwanga_uluguru:

Hii ni zaidi ya tulichoomba, Mungu awabariki. Limebaki la kenchi. Mwenye nyumba anataka kupulizia dawa, anasema wataangusha paa. Mzee jirani naye anasema kuna mmoja wa njano anayemzunguka kichwani kila akikaa kibarazani, anaogopa kuumwa.

fundi_mbao_Kihonda:

Wa njano ni dume. Kwa Xylocopa caffra, mmojawapo wa hao watoboa-mbao wakubwa, jike ni mweusi mwenye mikanda miwili myeupe au ya njano mgongoni, na dume ana manyoya ya njano ya kijani mwili mzima. Dume analinda eneo lake, anafukuza kila kinachopita, lakini mwiba hana, hawezi kudunga. Jike anao na akishikwa mkononi anadunga. Akiachwa hana habari na mtu.

Hawali mbao, tofauti na mchwa. Jike anatoboa mdomo wa duara unaozidi kidogo sentimita moja, akishaingia anakata kona na kufuata nyuzi za mbao, kisha anagawa vyumba kwa unga wa mbao uliobanwa. Matundu mawili matatu kwenye kenchi nene hayaangushi paa. Hasara inakuja pale matundu ya zamani yanapotumiwa na kurefushwa kizazi hadi kizazi kwenye mbao nyembamba, hasa fisha bodi na papi. Mwambieni mwenye nyumba agonge kenchi kwa nyundo: palipo na mlio wa uwazi ndipo pa kushughulikia.

Wapeni mahali pengine kwanza. Mlingoti wa mkonge, lile shina refu la maua lililokauka, ndio wanaoupenda kuliko mbao ya kuchana. Morogoro na Tanga haukosekani. Kateni urefu wa sentimita 80, unene wa sentimita 8 hadi 10, usiooza. Toboeni mdomo wa kuanzia wa milimita 12, kina sentimita 3, kwa upande wa chini, kisha uufunge kwa waya mkiulaza chini ya upenu, meta chache kutoka kibarazani, karibu na mbaazi. Wekeni miwili mitatu, maana kila jike anataka wa kwake.

Kenchi msizizibe sasa hivi, ndani mna watoto. Ngojeni hadi muone hakuna anayeingia wala kutoka kwa wiki kadhaa, kusiwe na unga mpya chini wala michirizi ya kinyesi cha njano ukutani. Zibeni kwa kijiti cha mbao chenye gundi, kisha pakeni rangi ya mafuta au vanishi mbao yote, pamoja na upande wa juu usioonekana. Mbao iliyopakwa wanaikwepa zaidi kuliko mbao tupu. Mkiwa na ngazi, mtazameni jike akitulia mdomoni: kwa baadhi ya spishi kubwa, mwanzo wa tumbo una kifuko maalumu chenye utitiri wakubwa wanaoonekana kwa lenzi ya mkono. Mzee ashike ngazi, wewe ushike lenzi.